Mwani mwembamba na ganda la dawa

Bibi mmoja kutoka kusini mwa Unguja aliingia kwenye duka la dawa ninalofanyia kazi mjini, akaweka juu ya meza kichupa cha kapsuli laini za vitamini D. Mbili alikuwa ameshazitoboa kwa pini. Mafuta ameyakamulia kwenye kijiko na kuyanywa, magamba yaliyobaki ameyafunga kwenye ncha ya leso. Akaifungua leso, akanionesha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hili ganda la nyama gani?"

Nikamwambia ukweli: ganda hilo ni la jelatini. Jelatini hupikwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ng'ombe au nguruwe, na kwenye boksi la dawa hii hapakuandikwa mnyama gani. Nikamkumbusha kwamba wanazuoni wamekhitilafiana katika jambo hili. Mwaka 1995 wataalamu wa fiqhi na wa tiba walikutana Kuwait, wakaona kwamba kitu kikigeuka umbile lake kabisa hukumu yake nayo hugeuka. Wapo wasiokubali kwamba jelatini imegeuka kiasi hicho. Bibi alinisikiliza kwa heshima, lakini hayo alikuwa ameshayasikia msikitini kwa watu wanaoyajua kuliko mimi. Kilichomfanya ainue uso ni neno nililolitupa mwishoni, kwamba yapo magamba ya namna hii yasiyo na mnyama, yanayotengenezwa kwa mwani.

"Mwani upi?"

"Mwani mwembamba, bibi. Spinosum."

Mikono yake ilikuwa ya mtu aliyekaa ndani ya maji ya chumvi miaka mingi. Amefunga mwani tangu watoto wake wadogo. Aliyatazama yale magamba, akanitazama mimi. "Huu wetu? Mbona basi hapa hamna?"

Siku ile nilimpa jibu fupi, na nikamtafutia vitamini hiyohiyo ya matone. Tangu hapo swali lake sijaliacha, kwa sababu nadhani ndilo swali kubwa la kiuchumi katika zao hili, na watu wanaozungumzia mwani majukwaani mara nyingi hulipita pembeni.

Kwanza nieleze tunazungumzia nini, maana neno mwani linabeba vitu vingi. Duka la dawa limejaa bahari kuliko wateja wanavyodhani. Dawa ya maji ya kiungulia inayoelea juu ya tumbo ina alginati, kigandishi kinachotoka kwenye mwani. Katika Gaviscon ya maji ya kawaida, kila mililita 10 zina miligramu 500 za alginati ya sodiamu, pamoja na magadi na kalsiamu kabonati. Ikikutana na asidi ya tumbo, alginati huganda, magadi hutoa mapovu ya hewa ndani yake, na utando huo ukaelea juu kama chelezo ukazuia asidi isipande kooni. Bandeji nyeupe laini zinazowekwa kwenye vidonda vinavyotoa maji mengi nazo ni alginati. Kalsiamu iliyo ndani ya nyuzi zake hubadilishana na sodiamu ya majimaji ya kidonda, bandeji ikageuka ute, ikaondolewa bila kung'oa ngozi changa. Daktari wa meno akikuwekea unga uliokorogwa mdomoni ili kuchukua umbo la meno yako, huo pia ni alginati. Lakini alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Iligunduliwa na mkemia wa Uingereza, E. C. C. Stanford, alipokuwa akifanyia kazi mwani wa Uskoti mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mwani huo wa kahawia kwenye kamba zetu za Paje na Jambiani haumo.

Agari ni ndugu mwingine. Inatoka kwenye mwani mwekundu wa jamii ya Gelidium na Gracilaria, na ndiyo inayooteshewa vimelea katika kila maabara ya hospitali. Wazo hilo lilitoka jikoni. Fanny Angelina Hesse, mke wa msaidizi wa Robert Koch, mtaalamu wa bakteria wa Ujerumani, ndiye aliyependekeza agari mwaka 1881 au karibu yake, kwa sababu jelatini ilikuwa ikiyeyuka wakati wa joto na kuliwa na bakteria, ilhali alijua kwamba vyakula vyake vilivyogandishwa kwa agari vinahimili kiangazi. Nimemtaja kwa sababu jelatini iliyomshinda yeye kwa joto ndiyo inayotusumbua sisi leo. Mwezi wa Februari nikifungua chupa ya kapsuli laini nakuta zimeshikana kama tende. Naitikisa, haziachani. Joto na unyevu wa pwani hulainisha jelatini, na hakuna kifuko cha kunyonya unyevu kitakachomaliza tatizo hilo kwenye duka lisilo na kiyoyozi cha kuaminika.

Mwani wetu sisi unatoa kitu cha tatu, karaginani, na hapa ndipo nitakapokaa.

Jina lake lina asili ya Ireland, ambako watu wa pwani walikuwa wakichemsha mwani wao kwa maziwa na kumpa mgonjwa wa kifua. Kikemia ni mnyororo mrefu wa sukari ya galaktosi uliopachikwa salfati. Idadi ya salfati ndiyo inayobadilisha tabia yote. Aina iitwayo kapa ina moja katika kila jozi ya sukari, iota ina mbili, lamda ina karibu tatu. Mwani mnene, cottonii, hutoa kapa. Mwani mwembamba, spinosum, hutoa iota. Lamda hutoka kwenye mwani wa bahari za baridi, nayo haigandi kabisa, hufanya uzito tu.

Anayejua kusokota kamba ya makumbi hatapata shida kuelewa kinachotokea kwenye sufuria. Maji yakiwa ya moto, minyororo hiyo huelea kila mmoja peke yake. Yakipoa, miwili miwili hujisokota. Kwa kapa, ukitia chumvi ya potasiamu, zile kamba zilizosokotwa hukumbatiana kwa nguvu mno, jeli ikawa ngumu, inavunjika ukiibonyeza, na baada ya muda inatoa maji yake yenyewe. Kwa iota, salfati mbili zinasukumana, kamba hazikaribiani sana, na kalsiamu huwa kama fundo jepesi kati ya kamba na kamba. Jeli inakuwa laini, inavutika, haitoi maji. Na ina sifa moja ambayo mfamasia yeyote ataipenda: ukiitikisa inalegea, ukiiacha inajishona tena.

Hili nililiona kwa macho. Bibi alirudi bamvua lililofuata na kifuko cha spinosum, kimeoshwa, kimekauka vizuri, hakina hata chembe ya mchanga. Nikauloweka usiku, nikauchemsha kwa moto mdogo kwa muda mrefu, nikauchuja kwa kitambaa, nikauacha kwenye bakuli. Asubuhi ulikuwa umeganda, rangi ya chai iliyopauka. Nikaukata kwa kijiko, nikaukoroga mpaka ukamiminika kama uji mwepesi, nikaenda kazini. Jioni ulikuwa umeshikana tena. Hiyo ndiyo kazi inayotakiwa ndani ya chupa ya dawa ya maji yenye unga. Mama akitikisa chupa dawa imiminike kijikoni, akiiweka kabatini unga usizame chini ukagandamana. Unga ukizama, mtoto atakunywa maji matupu siku za mwanzo na dozi kubwa mno siku za mwisho. Nimeona chupa za namna hiyo, unga umekaa chini kama saruji, na mama anasema dawa haimsaidii mwanawe.

Iota hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya dawa ya meno, na huko ndiko inakotumika kwa wingi. Ndani ya kapsuli laini huchanganywa na wanga uliobadilishwa. Iota huleta mvutiko, wanga huleta uimara, utando ukapita kwenye mashine na kufunga mafuta ndani. Ganda la aina hii huvumilia joto kuliko jelatini. Halina suala la nguruwe wala la ng'ombe, Mhindu asiyekula ng'ombe analimeza, asiyekula nyama kabisa analimeza. Wenzetu wanaotengeneza dawa hawakulianza kwa kutuhurumia sisi wa pwani, walikuwa wakitafuta njia baada ya hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe na baada ya kuona ukubwa wa soko la halali na la wasiokula nyama. Vyovyote iwavyo, mlango upo wazi na mbegu yake tunayo.

Naomba nitofautishe hapa, maana nimesikia watu wakichanganya. Kapsuli ngumu, zile za vipande viwili zenye unga ndani, zikiwa si za jelatini kwa kawaida ni za selulosi ya mimea. Karaginani hutiwa humo kidogo tu, tena mara nyingi ni kapa, ili utando ugande haraka. Kapsuli laini za mafuta ndizo zenye nafasi kubwa ya iota. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua soko la nani ni la nani.

Sasa turudi ufukweni. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Nyuma yake kulikuwa na miaka ya utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyesisitiza tangu miaka ya 1970 kwamba mwani unaweza kulimwa hapa badala ya kuokotwa tu. Leo Zanzibar ina wakulima zaidi ya 20,000, na wanane hivi kati ya kila kumi ni wanawake. Zao hili limezoeleka kutajwa baada ya utalii na karafuu katika kuingiza fedha za kigeni.

Mbegu zilikuwa mbili, lakini thamani hazikuwa sawa. Cottonii ilikuwa inalipwa karibu mara mbili ya spinosum kwa sababu soko la kapa, la nyama za makopo na maziwa, ni kubwa kuliko la iota. Kisha kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 maji ya kina kifupi yakazidi joto, cottonii ikaanza kupauka na kukatika vipande. Vijiji vingi vikaiacha, vikabaki na spinosum ngumu isiyokufa kirahisi. Tangu hapo mazungumzo ya wataalamu na wanasiasa yamekuwa ni jinsi ya kuirudisha cottonii. Dk. Flower Msuya, ambaye amewahi kuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, amefanya kazi kubwa ya kujaribu neti za mirija kwenye maji ya kina, ili cottonii ikimbie joto. Ni kazi ya kuheshimiwa. Ila kina kinataka ngalawa na kinataka kuogelea, na wanawake wengi wanaofunga mwani hawakufundishwa kuogelea. Wakati tunasubiri wote wapate ngalawa, tumeizoea spinosum kuwa ndiyo ya kubahatisha, ya bei ya chini, ya kuuza tu kwa sababu ndiyo iliyobaki.

Msimamo wangu ni kwamba hapo tunakosea. Mwani ulioachwa nyuma sokoni ndio mwani wenye sifa ambazo famasia inazitaka. Na kinachoutenga mwani huo na famasia ni vipimo zaidi kuliko jengo la kiwanda.

Nieleze kwa nini nasema hivyo. Gunia la mwani mkavu linaposafirishwa kwenda Denmark, Ufaransa au Marekani, anayelinunua kule halinunui kwa macho. Atapima mchanga, unyevu, na kiasi cha karaginani kinachotoka. Baada ya kupika, kuchuja na kukausha, unga unaokusudiwa kuingia kwenye dawa utapimwa tena. Kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani, USP-NF, kinataka myeyusho wa asilimia 1.5 ukipimwa kwenye nyuzi 75 za Selsiasi uwe na mnato, yaani uzito wake katika kumiminika, usiopungua sentipoizi 5. Ulaya wanataka sehemu ya minyororo mifupi, iliyo chini ya daltoni 50,000 (kipimo cha ukubwa wa molekuli), isizidi asilimia 5. Halafu risasi, aseniki, kadimiamu, zebaki. Halafu bakteria na kuvu. Halafu mabaki ya alkoholi iliyotumika kuutenganisha unga na maji. Kila mzigo unakuja na karatasi yake, na karatasi hiyo inatoka tangu kamba ya shamba hadi mfuko. Mfamasia hanunui unga peke yake. Ananunua unga pamoja na uhakika kwamba mzigo wa mwezi ujao utakuwa sawa na wa mwezi huu, kwani mnato ukipungua kidogo tu, dawa yake itazama chini ya chupa.

Kile kipimo cha mnato, ambacho huonesha kama minyororo ni mirefu, kina historia inayofaa kujulikana, maana wateja hunijia na video za simu zinazosema karaginani ni sumu. Karaginani ikipikwa kwa asidi kali na joto kwa makusudi, minyororo yake hukatika vipande vidogo, ikawa kitu kingine kinachoitwa poligini, na hicho ndicho kilichowatia wanyama wa maabara vidonda vya matumbo. Hakiruhusiwi kwenye chakula. Na tangu mwaka 1962 wanafamasia hudunga karaginani kwenye unyayo wa panya ili uvimbe, kisha wakajaribu dawa za kutuliza uvimbe. Mimi mwenyewe nilijifunza jaribio hilo darasani. Kudunga chini ya ngozi si sawa na kumeza, na hivyo viwili havipaswi kuchanganywa. Kamati ya pamoja ya FAO na Shirika la Afya Duniani imekuwa ikiipitia karaginani kwa miongo kadhaa, na mwaka 2014 ilikubali hata matumizi yake kwenye maziwa ya watoto wachanga hadi miligramu 1,000 kwa lita. Swali la wasiwasi la mteja lina jibu, na jibu lenyewe ni kipimo: onesha kwamba minyororo ni mirefu.

Kuna jambo jingine linalonikosesha usingizi kidogo, nalo ni sifa za kupita kiasi. Zao la mwani limeanza kupambwa kwa kila uponyaji unaojulikana. Nimeambiwa unatibu kisukari, presha, uvimbe, ugumba. Wanaosema hivyo wanadhani wanalisaidia zao. Afrika tayari ilishapata somo la namna hiyo, tena kutoka kwa watafiti makini. Jeli ya karaginani iitwayo Carraguard, iliyoandaliwa na shirika la Population Council, ilionesha maabara kwamba inazuia virusi vya UKIMWI. Ikapelekwa Afrika Kusini, zaidi ya wanawake 6,000 wakashiriki, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yakaonesha kwamba ni salama lakini haikinga. Maambukizi katika kundi la jeli na kundi la jeli bandia hayakutofautiana kiasi cha kutosha. Wanawake wale walijitolea miili yao na muda wao ili tujue ukweli, na ukweli tukaujua. Hatuna haki ya kuurudisha nyuma kwa tangazo la chupa ya jusi ya mwani.

Upande wa mafua hali ni tofauti kidogo, na hapa ni iota hasa. Dawa ya kupuliza puani yenye iota, iliyotoka Austria, ilijaribiwa Cardiff kwa watu 35 na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Dalili na virusi vilipungua, na sasa dawa za aina hiyo zinauzwa katika nchi kadhaa. Iota hainyanyui kinga ya mwili wala haiui kitu, inafunika utando wa pua na kuwazuia virusi wasishike. Watu 35 ni wachache. Utafiti uliofuata umeongeza uzito, lakini mimi bado ningemwambia mteja kwamba inasaidia mafua yawe mepesi, nisingemwambia zaidi ya hapo. Nadhani heshima ya mwani wetu itajengwa na sentensi za kiasi hicho.

Niliposema kinachokosekana ni vipimo zaidi kuliko jengo, najua wapo watakaonijibu kwamba kiwanda kinakuja. Serikali ya Zanzibar, katika mpango wake wa uchumi wa buluu, imeweka nguvu kwenye kiwanda cha kusarifu mwani Chamanangwe, Pemba. Nakitakia kila la heri. Lakini tuangalie kusarifu mwani kwa daraja la dawa kunataka nini. Uji unaotoka kwenye sufuria ya kiwanda, kwa kila lita 100, una kilo moja au mbili tu za karaginani. Kinachobaki ni maji, na maji hayo lazima yatoke kwa alkoholi, kwa kukamuliwa au kwa joto. Mwani wenyewe husuuzwa mara nyingi kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Sisi ni visiwa vinavyoishi kwa maji ya chini ya ardhi, na umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka bara. Maji machafu yenye alkali yakiachiwa ovyo yatarudi kwenye mashamba yale yale ya mwani. Sisemi haiwezekani. Nasema anayeahidi daraja la dawa kwa kuanza na majengo, bila kueleza maji yatatoka wapi na yatakwenda wapi, hajaanza hesabu.

Ngazi ya chini yake, mwani uliopikwa kwa alkali, ukasuuzwa, ukakaushwa na kusagwa bila kutenganishwa na selulosi yake, ni rahisi zaidi. Wafilipino walipanda ngazi hiyo kabla ya kufika juu, na hakuna aibu sisi tukianzia hapo hapo. Unga huo hauingii kwenye ganda la kapsuli, lakini unafundisha watu kupima.

Na kupima kunaanza chini zaidi, kwenye kituo cha kununulia. Nilikwenda kijijini na yule bibi siku ya kuuza. Yeye huanika juu ya chanja alilolitengeneza kwa fito na nyavu kuukuu. Jirani yake huanika chini, juu ya mchanga, mbele ya nyumba, mbuzi wanapita. Mwani wa bibi ulikuwa na rangi moja na ulikatika ukiukunja. Wa jirani ulikuwa na mchanga, na vipande vyake vingi vilikuwa vyembamba vya kuvunwa kabla ya wakati, maana alihitaji fedha za skuli kabla hazijafika siku 45. Magunia yote mawili yakatundikwa kwenye mzani mmoja, yakalipwa bei moja kwa kilo. Mnunuzi hakuuliza lolote. Mchanga ukalipwa sawa na iota. Wala simlaumu jirani, kwani mchanga una uzito, na mwani uliochanganyika nao ulimletea fedha zaidi kwa kazi kidogo.

Mwani uliovunwa kabla haujakomaa hutoa jeli dhaifu. Mwani ulionyeshewa mvua ukiwa umeanikwa huanza kuoza, na mnato hushuka. Sifa zote zile za karatasi ya USP-NF zinaamuliwa kwanza na mwanamke anayeamua avune leo au wiki ijayo, aanike juu au chini. Bei yetu ya sasa inamwambia haijalishi. Kwa miaka mingi kilo ya spinosum kavu imekuwa ya shilingi mia kadhaa, ikipanda kukaribia elfu moja au kupita kidogo katika nyakati nzuri. Wakati huo huo, wengi wamefungwa kwa mnunuzi mmoja kwa sababu kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mbegu, zimetoka kwake kwa mkopo.

Ndiyo maana ningependa kuona mambo matatu kabla ya kusikia hotuba nyingine ya kiwanda. Bei mbili kwenye kila kituo, ya mwani safi uliokomaa na ya ule mwingine, na tofauti yake iwe kubwa ya kuhisiwa. Maabara moja ya pamoja visiwani, inayokubali sampuli ya kikundi chochote cha wanawake kwa ada ndogo na kuwapa karatasi ya mchanga, unyevu, mnato na metali nzito. Wataalamu tunao: Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo mjini, Taasisi ya Viwango ipo, Wakala wa Chakula na Dawa upo. Na jambo la tatu ni upande wa fani yangu. Sisi wafamasia wa Zanzibar, wa Muhimbili, na wa viwanda vya dawa vya bara tunanunua vigandishi vyetu kutoka nje kwa kilo bila hata kuuliza vilitoka bahari gani. Tungeweza kuanza kutengeneza dawa za maji za majaribio kwa iota ya hapa, tukaandika matokeo mabaya na mazuri. Kwale, Kenya, kuna wanawake wa Kibuyuni wanaolima spinosum hiyo hiyo, na kipimo kimoja kingewafaa wote.

Siahidi kwamba famasia itanunua tani zetu zote. Haitanunua. Soko la dawa ni dogo kwa uzito, na sehemu kubwa ya mwani itaendelea kwenda kwenye dawa za meno na vyakula. Lakini anayeweza kuthibitisha daraja la dawa huuza hata hilo daraja la chini kwa bei bora, maana anajua alichonacho. Asiyepima hubaki akiambiwa na mnunuzi.

Tulipokuwa tukirudi kutoka kituoni nilimuuliza bibi chanja lile lilimgharimu nini. Akanihesabia kwa vidole: fito, misumari, nyavu kuukuu za kununua kwa wavuvi, na kijana wa kumsaidia siku moja. Kisha akaniambia kwamba nyavu zimechakaa, na kabla ya masika atalazimika kuamua kama atanunua nyingine au ataanika chini kama wenzake.